Ndege Hana Mwenyewe, Jiwe Lina Mwenyewe

Kabondo haina majira ya kuchipua. Komini hii, moja ya sita zinazounda jiji la Kisangani nchini Kongo, iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na watu huhesabu miezi kwa mvua na kwa kimo cha maji mtoni. Lakini Machi na Aprili, Wazungu wanapotoka na darubini kuwapokea ndege waimbao wanaorudi kwao, huku Kabondo ndege haohao ndio wanafunga safari. Walifika tangu Septemba na Oktoba, wakala, wakanenepa, wakabadilisha manyoya. Sasa wanakwenda kutaga.

Mbayuwayu ndiye anayejulikana na kila mtoto, kwa sababu hujipanga kwenye nyaya za umeme, na mvua ikikatika huwafuata kumbikumbi angani huku watoto wakiwafuata haohao chini na mabeseni. Wenzake hawaonekani upesi hivyo. Yupo kindege wa kijani kibichi kilichofifia, mwenye uzito wa gramu kumi hivi, anayehangaika majanini akitafuta wadudu. Yupo mwembamba wa tumbo la njano anayetikisa mkia kwenye majani mafupi. Yule wa kijani husafiri usiku, kwa hiyo jioni unamwona, na asubuhi hayupo tena.

Anajuaje kwamba saa imefika, ikiwa hapa jua halimwambii kitu? Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwafuga ndege wa jamii hii mahali ambapo mwanga na giza havibadiliki. Wakati wa safari ulipofika, bado walihangaika usiku kucha ndani ya vizimba. Mwaka wao wameubeba mwilini.

Anayetaka kuwaona kabla hawajaondoka asikimbilie msitu mnene. Wageni hawa wengi huukwepa. Hupenda mahali palipofunguka: shamba la mihogo, kichaka cha shamba lililopumzishwa, kando ya barabara, ukingo wa mto. Ndiyo kusema wanakaa palepale binadamu alipokata miti. Na hapo ndipo matembezi ya kutazama ndege yanapoingia katika mila za watu, kwa maana ndege hana mwenyewe, lakini kila mahali anapotua pana mwenyewe.

Kiongozi anayezijua desturi za Kisangani huanza kazi yake jana yake. Hupita kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, akaeleza mgeni ni nani na anataka nini. Mgeni asiyetambulishwa, tena mwenye chombo machoni na daftari mkononi, huzua maneno: anatafuta almasi, anapima viwanja, ametumwa. Nchi hii imewaona wengi waliokuja kuandika, na baada ya kuandika kukaja wa kuchukua. Salamu ya mapema huwatuliza watu kuliko karatasi yoyote yenye muhuri.

Shambani nako kuna hodi yake. Huingii hata kama hakuna ua; unasimama njiani na kupaza sauti.

"Jambo, Mama. Tuko na mgeni wa kuangalia ndege."

"Ndege wa kula?"

"Hapana, Mama. Wa kuangalia tu."

"Kuangalia tu?" Mama hucheka, anaegemea jembe. "Basi apite. Lakini asikanyage mahindi yangu."

Ruhusa hiyo ni nusu ya msaada wenyewe. Aliyeinama shambani toka alfajiri ameshaona kile ambacho mgeni amekuja kukitafuta, na atakionyesha kwa kidevu bila kuacha palizi.

Mtoni sheria ni kali zaidi. Si mbali na Kabondo kuna maporomoko ya Wagenya, ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma yanayoanza Ubundu, zaidi ya kilomita mia moja juu ya mto. Hapa wavuvi wa Kigenya huchimbia magogo makubwa kwenye mashimo ya miamba, wakayafunga kwa kamba za porini na kushusha mitego mikubwa ya kusuka, mfano wa faneli, ili maji yenyewe yawaletee samaki. Mpelelezi Stanley aliyakuta maporomoko haya Januari 1877, na miaka kumi baadaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, akawa gavana hapahapa. Kwa misafara kama yake Kiswahili kilipanda hadi kwenye mto huu. Watawala wamebadilika, jiji likaitwa Stanleyville hadi 1966, lakini sehemu za kutegea zimebaki mikononi mwa familia, baba kwa mwana. Huchagui tu jiwe la kusimama kwa sababu lina mandhari nzuri.

Ukiomba vizuri utavushwa kwa mtumbwi, wapiga kasia wakiwa wamesimama, hadi karibu na mwamba ambao macho yako hayaoni kitu juu yake. Mvuvi atakuonyesha mara ya pili, labda ya tatu. Ndipo jiwe moja la kijivu linapogeuka ndege: ukosi mweupe nyuma ya shingo, miguu myekundu, kimo cha ngumi mbili. Huyu hatoki Ulaya. Ni msafiri wa ndani ya Afrika, hutaga juu ya jiwe tupu maji yanapopungua, na jua likichoma hulowesha manyoya ya tumbo ili ayapoze mayai. Mto ukijaa na miamba ikazama, huhama. Mvuvi anamjua vizuri kwa sababu wote wawili wanatazama kitu kimoja: jiwe limetoka kiasi gani leo.

Ujuzi wa namna hii umewahi kupuuzwa kwa gharama. Mwaka 1913, huko Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya asioufahamu kwenye kofia ya mwenyeji, akauhifadhi. Mwaka 1936 ndipo alipokutana na ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, waliodhaniwa ni tausi wachanga wa India. Kumbe ni tausi wa Kongo, jamii ambayo sayansi ilikuwa haijaiandika. Miaka 23 wataalamu walikuwa gizani, na wawindaji wa msituni walikuwa wakimla na kuvaa manyoya yake.

Ujuzi huohuo umetumika pia kuharibu. Kasuku wa kijivu amenaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo kwa miaka mingi, akapelekwa ng'ambo kwa wanaopenda ndege anayesema. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyu wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa 2016 wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya porini. Marufuku hayo hayakumpa mtegaji kazi nyingine. Lakini anayejua mti wanakolala kasuku na saa wanayotoka ndiye kiongozi bora kuliko wote, kama kuna atakayemlipa kwa kuonyesha badala ya kukamata.

Kwa hiyo malipo si jambo la aibu la kumalizia chini ya meza. Yana mpangilio: cha mwenye jiwe, cha wapiga kasia, cha kiongozi, na neno la shukrani kwa shefu. Kisha mgeni hukaa ale. Huletewa lituma ya ndizi iliyotwangwa ikiwa moto, na liboke la samaki lililofunguliwa kwenye majani yake, na hapo maswali humgeukia yeye: kwenu ndege hawa wanajenga wapi, wanakula nini, kuna anayewatega? Ni haki yao kuuliza. Wamewatunzia watu wa Ulaya ndege wao kwa miezi sita, na mgeni mwenye adabu huja na majibu.