PINE PANA: MAPAMBO AO KAZI?



Hapa Kolwezi kijana akipata gari, kitu cha kwanza chenye anafikiri si fureni, wala mafuta ya motere. Ni janti. Anataka janti ya kungaa na pine pana, sawa zile gari za mashindano zenye tunaona katika televizio. Ikipita, sisi wote tunageuza kichwa na kusema: "Ile gari iko na nguvu!" Lakini pine pana inafanya kazi gani? Na inafaa kwa njia zetu?

Ninaandika habari hii sababu yaya yangu alinunua janti za namna ile, na mimi nilikaa nyumbani trimestri nzima. Mutaona vile mambo mawili haya yanaungana.

1. NAMNA YA KUSOMA PINE

Kwenye ubavu wa kila pine kuna maandiko. Mufano: 175/70 R 13. Ile 175 ni upana wa pine kwa milimetre. Ile 70 ni urefu wa ubavu: sehemu 70 juu ya 100 za ule upana, ni kusema milimetre 122 na nusu. Ile 13 ni kipimo cha janti kwa puse, na puse moja ni milimetre 25,4.

Sasa tufanye hesabu. Janti: 13 mara 25,4 ni 330. Ubavu wa juu na wa chini: 245. Jumla: milimetre 575. Kile ndicho kimo cha gurudumu zima, na ndicho kitu cha kuchunga kuliko vyote.

Fundi mwenye kujua kazi, akitaka kupanua pine, anaongeza janti na kupunguza ubavu, ili kimo kibaki. Muangalie:

175/70 R 13 = milimetre 575
185/60 R 14 = milimetre 578
195/50 R 15 = milimetre 576

Upana umeongezeka milimetre 20, lakini kimo hakikubadilika, ao ni kidogo sana.

2. YAYA ALIFANYA NINI

Yaya yangu ni shofere wa taksi, na gari yake ni Corolla ya zamani yenye pine za 175/70 R 13. Muuzaji mumoja alimuonyesha janti za puse 15 zenye kuvaa pine za 205/60. Bulo zikaingia vizuri. Yaya akasema: "Zimeingia, basi ni zake." Akalipa kwa feza zenye baba alimupa azichunge, feza za masomo yangu. Alifikiri atazirudisha katika mwezi moja, kwa sababu gari nzuri inavuta wasafiri.

Hakufanya hesabu. 205/60 R 15 iko na kimo cha milimetre 627. Ni 52 zaidi, karibu sehemu 9 juu ya 100. Konteri haikujua kwamba gurudumu limekuwa kubwa: ilipoonyesha 80, gari ilikuwa inatembea 87.

Tena kuna kipimo kingine, chenye kinaandikwa ndani ya janti kwa herufi ET. Kinaonyesha umbali toka katikati ya upana wa janti mpaka pahali inagusa kichwa cha ekseli. ET ikipunguka, gurudumu linatoka inje. Janti za kwanza zilikuwa za upana wa puse 5 na ET 40. Zile mupya, upana wa puse 7 na ET 15. Kwa ET peke yake gurudumu lilisogea inje milimetre 25. Kwa upana wa janti, ukingo wake ulisogea tena milimetre 25. Jumla sentimetre 5! Muzigo ukawa unavuta rulema kwa pembeni, sawa mutu anayebeba ndoo ya maji na mukono umenyooka, si karibu na mwili.

Gari tupu, hakuna kitu kilisikika. Siku moja alitoka Likasi na watu sita na mizigo yao. Karibu na Fungurume mvua ikanyesha. Gari iliposhuka katika shimo, karoseri ilikata pine ya nyuma, ikapasuka, gari ikatoka inje ya barabara. Hakuna mutu alikufa. Lakini mama muzee mumoja alivunjika mukono, na feza zenye zilibaki zilienda kwa matunzo yake. Ndiyo maana nilikaa nyumbani.

3. PINE PANA INASAIDIA WAPI?

Wengi wanafikiri pine pana inagusa njia kwa eneo kubwa zaidi, na ile ndiyo nguvu yake yote. Tutumie fizike ya darasani. Gari ya kilo 1000 iko na uzito wa karibu niutoni 10.000. Kama hewa ndani ya pine ni bari 2, eneo lenye kubeba uzito ule ni karibu sentimetre mraba 500 kwa pine ine, basi 125 kwa kila moja. Ni sawa kiganja cha mukono. Ukiweka pine pana na hewa ile ile, eneo linabaki karibu lile lile. Chenye kinabadilika zaidi ni umbo: kiganja kinakuwa kipana na kifupi.

Kwa kona, umbo lile linasaidia. Tena ubavu mufupi haupindi sana, basi gari inasikia volan upesi. Lakini hii ni kwa lami kavu, yenye haina mashimo. Lami ikijaa maji, pine pana iko na maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, na gari inaanza kuelea kwa mbio ndogo kuliko pine nyembamba. Na shimo likikuja, ubavu mufupi hauna nafasi ya kujikunja: janti ndiyo inapinda.

4. TUULIZE WENYE KUSHINDANA

Safari Rally ya Kenya ilianza mwaka 1953. Shekhar Mehta, muzaliwa wa Uganda, aliishinda mara 5 kati ya 1973 na 1982. Ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021. Je, gari zile, zenye nguvu kupita gari zetu zote, zinavaa pine gani?

Kwa mashindano ya lami, zinavaa 235/40 R 18. Kwa udongo na mawe, kama kule Kenya, zinavaa 205/65 R 15. Pine nyembamba, janti ndogo! Mufanye hesabu yenu: ya lami inatoa 645, ya udongo 647 na nusu. Kimo ni kile kile. Lakini ubavu unatoka milimetre 94 mpaka 133, ili pine imeze mawe na mashimo. Na katika matope, pine nyembamba inakata, inashuka mpaka kukuta udongo mugumu, pahali pine pana inateleza juu.

Basi wale wenye feza na mafundi wanachagua pine kufuata njia. Sisi, wenye mvua toka mwezi wa 10 ao wa 11 mpaka mwezi wa 4, na udongo mwekundu katika kartie nyingi, tunachagua kufuata macho.

5. KABLA YA KUTOA FEZA

– Fanya hesabu ya kimo. Tofauti isipite sehemu 3 juu ya 100.
– Pima duara la bulo. 100 na 108 jicho halioni tofauti, lakini bulo inaona.
– Soma ET ya janti ya kwanza na ya mupya.
– Soma namba ya muzigo. 82 ni kilo 475 kwa pine moja. Isiwe chini ya ile ya kwanza.
– Pine ya okazio: tafuta tarakimu ine za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mupira unazeeka hata kama hautembei.
– Jaribu gari na watu ndani, na volan imegeuzwa mpaka mwisho, kuume na kushoto.

Yaya amerudisha zile 175/70 R 13. Wenzake wanamucheka kidogo. Mama muzee wa Fungurume, akishuka Kolwezi, anapanda taksi yake bila kulipa, na mimi nimerudi darasani.

Mwenye kutaka kujaribu hesabu achukue metre, aende pahali walimu wanasimamisha gari zao. Lakini aombe ruhusa kwanza.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, Mekanike