Semesta: kwa nini wanafunzi wengine wanaisifu, wengine inawatoa jasho

Kijana wa Isevya, Manispaa ya Tabora, anayejiandaa kwenda chuo atakutana na neno semesta mapema sana. Ndilo linaloamua lini ada inatakiwa na lini anaweza kudisko.

Zamani haikuwa hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kiliingia kwenye mfumo huu miaka ya 1990. Kabla ya hapo mzigo mkubwa ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwaka.

Sasa mwaka una semesta mbili, kila moja na masomo na mtihani wake. Vyuo vingi hutoa alama 40 za kosiweki na 60 za mtihani wa mwisho.

Wanaoupenda mfumo huu wanasema somo likiisha limeisha. Ukiharibu unajua mapema, unapiga sapu, maisha yanaendelea. Wanaolalamika wanasema hakuna kupumua: testi, asaimenti, mtihani, likizo kiduchu, mnaanza tena.

Ila kwa Tabora ishu kubwa ni hela. Mitihani ya semesta ya kwanza huangukia karibu na Februari, na vyuo vingi havimruhusu anayedaiwa ada kuingia chumba cha mtihani. Masoko ya tumbaku kwa kawaida hufunguliwa baada ya hapo. Mzazi anadaiwa wakati tumbaku bado iko shambani au kwenye bani.

Mwenye mkopo wa asilimia 100 hilo halimsumbui sana. Mwenye asilimia pungufu aulize chuo kabla ya kuripoti: ada inalipwa kwa awamu ngapi?