Wanaolipa ili washindane: Jinsi mbio za pikipiki za klabu zinavyoendeshwa

Wapenzi wa michezo wanaofuatilia mbio za pikipiki kwenye televisheni wamezoea kuona waendeshaji wanaolipwa mamilioni, mafundi waliovaa sare na malori yenye majina ya wadhamini. Chini ya ngazi hiyo, hata hivyo, upo mchezo mwingine ambao kamera huufikia kwa nadra. Humo mshindani ndiye fundi, ndiye dereva na ndiye mdhamini wake mwenyewe, na hulipa ada ili aruhusiwe kuhatarisha mifupa yake.

Hizo ndizo mbio za klabu. Nchini Uingereza, ambako zina historia ndefu, hufanyika mwishoni mwa juma kuanzia baridi inapopungua mwezi Machi hadi Oktoba, katika viwanja kama Brands Hatch, Snetterton, Mallory Park na Cadwell Park.

Miongoni mwa klabu kongwe ni British Motorcycle Racing Club, ambayo wanachama wake huiita Bemsee. Ilianzishwa mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya kufunguliwa kwa uwanja wa Brooklands. Katika zama hizo ilimtunuku nyota ya dhahabu mwanachama aliyekamilisha mzunguko mmoja wa uwanja huo, akiwa katika mbio, kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160. Mwaka 1937 Wal Handley aliipata akiwa juu ya pikipiki ya BSA, na kiwanda hicho kikalipa toleo lake lililofuata jina la nyota hiyo, Gold Star.

Kujua kuendesha pikipiki hakutoshi kumwingiza mtu katika mashindano haya. Auto-Cycle Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1903 na ambacho husimamia mchezo huo Uingereza, humtaka mgeni ahudhurie mafunzo yanayohusu kanuni na bendera kabla ya kupewa leseni. Akishaipata, huvaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya suti yake ya ngozi, ili wanaomfuata wajue kwamba aliye mbele yao ni mwanagenzi na huenda akaingia kona kwa namna wasiyoitarajia. Mbio anazomaliza salama huhesabiwa, na zikifika idadi iliyowekwa huivua fulana hiyo.

Wasio na fedha nyingi hukimbilia madaraja kama Minitwins, ambalo limejengeka juu ya Suzuki SV650, pikipiki ya silinda mbili iliyoingia sokoni mwaka 1999. Injini yake ni zaidi ya mara nne ya bodaboda ya cc 150. Kanuni za daraja hilo huweka mipaka ya mabadiliko yanayoruhusiwa, ili ushindi usiwe wa mwenye pochi nene peke yake. Tajiri hataacha kununua matairi mapya kila wiki, lakini angalau hanunui injini ya ajabu.

Safari huanza Ijumaa baada ya kazi. Ndani ya gari dogo la mizigo hupakiwa pikipiki, rimu za akiba zenye matairi ya mvua, jenereta, madumu ya petroli, hema na sanduku la vifaa. Wengi hulala ndani ya gari hilo hilo, pembeni mwa pikipiki, huku harufu ya petroli ikiwa ndiyo chandarua chao.

Jumamosi alfajiri kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya kujiandikisha, ambako mshindani huonyesha leseni na kutia saini kwamba anaelewa hatari anayoiingia. Ya pili ni ya ukaguzi, na hii ndiyo moyo wa siku nzima, ingawa hakuna mtazamaji anayenunua tiketi kuja kuiona.

Mkaguzi hapotezi muda kuvutiwa na rangi ya pikipiki. Hutazama kama bolti ya kumwagia oili na chujio lake vimefungwa kwa waya, ili mtetemo wa injini usivilegeze. Hutazama kama chini ya injini kuna kinga inayoweza kudaka oili endapo injini itapasuka. Taa, vioo na stendi vimekwisha kung'olewa. Kwenye meno ya nyuma ya mnyororo lazima kuwe na kinga ya kuzuia vidole visimezwe, na kwenye usukani, siku hizi, kinga ya mkono wa breki, kwa kuwa kuguswa kidogo na pikipiki ya jirani hutosha kuibana breki ya mbele na kumrusha mtu hewani. Swichi ya kuzima injini hujaribiwa papo hapo.

Hata maji ya rejeta huulizwa habari zake. Dawa ya kuzuia kuganda ambayo dereva wa kawaida wa Ulaya huimimina kwenye gari lake hairuhusiwi hapa, kwa sababu ikimwagika kwenye lami huteleza kama sabuni na hukauka polepole. Kisha hugeukiwa mtu mwenyewe: kofia, glavu, buti, suti ya ngozi isiyo na mshono ulioachia, kinga ya uti wa mgongo, na kibati cha utambulisho chenye jina lake, kwa ajili ya siku ambayo hataweza kulitaja mwenyewe.

Msomaji anaweza kuuona ukali huo kama urasimu. Lakini anayemwaga oili mara nyingi siye anayeanguka. Yeye hupita, na wanaomfuata ndio huikuta wakiwa wamelala kwenye kona, goti likigusa lami, katika mwendo ambao mguu hauwezi kusaidia kitu. Waya wa senti chache kwenye bolti ya mtu mmoja ni usalama wa watu 30 wasiomfahamu.

Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na ule wa vijana wanaoshindana usiku katika barabara za miji yetu. Mwendo unaweza kulingana. Tofauti ni kwamba uwanjani wote huelekea upande mmoja, hakuna daladala wala mama mwenye mtoto anayevuka, na mbio haziruhusiwi kuanza mpaka daktari na gari la wagonjwa wawe mahali pao. Gari hilo likiondoka na majeruhi na hakuna jingine la akiba, kila mtu husubiri.

Pembeni mwa njia husimama wasimamizi wa bendera, ambao kwa kawaida ni watu wa kujitolea na husimama hapo kutwa, jua au mvua. Bendera ya njano huonya juu ya hatari na kukataza kupita mwingine. Yenye mistari ya njano na nyekundu husema lami inateleza. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ikionyeshwa pamoja na namba, humwambia mwenye namba hiyo kwamba chombo chake kina hitilafu, atoke njiani mara moja. Nyekundu husimamisha kila kitu.

Mazoezi ya asubuhi ni ya dakika chache tu. Kabla ya kuingia, matairi huvishwa blanketi za umeme na kupashwa hadi nyuzi 80 hivi, kwani mpira wa mashindano ukiwa wa baridi haushiki lami. Kifaa kidogo kilichofungwa kwenye pikipiki hunasa muda wa kila mzunguko hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Brands Hatch, ulioko Kent, kilometa zipatazo 32 kutoka katikati ya London, una njia fupi ya takriban kilometa 1.9 ambayo mshindani wa klabu huizunguka kwa chini ya dakika moja. Kona ya kwanza, Paddock Hill, huteremka ghafla upande wa kulia kana kwamba lami imeondolewa chini ya gurudumu. Kona nyingine ina jina la John Surtees, bingwa wa dunia mara saba katika pikipiki na mara moja, mwaka 1964, katika magari ya Formula 1. Hakuna mwingine aliyewahi kutwaa mataji hayo ya aina zote mbili.

Mbio zenyewe huchukua takriban dakika kumi. Saa zinazobaki ni za kusubiri, kunywa chai, kutazama mawingu na kubishana juu ya matairi. Aliyeanguka asubuhi huonekana akiunga plastiki kwa gundi na mkanda, akiwa ameazima mkono wa klachi kutoka kwa mtu atakayejaribu kumpita alasiri. Kuazimana huko ni desturi, na asiyeazima wenzake hukumbukwa.

Jumapili jioni mshindi hupewa kikombe, na wengine hupata karatasi ya matokeo. Ada ya kuingia, matairi na petroli havirudi, na aliyevunja pikipiki hujilipia mwenyewe. Aliyekuwa wa 17 huisoma karatasi kwa makini kuliko aliyeshinda, akitafuta nusu ya sekunde aliyoipunguza tangu raundi iliyopita. Kabla ya kufunga milango ya gari hupima unene wa pedi za breki na kuandika vitu vya kununua kabla ya raundi ijayo. Asubuhi inayofuata anatakiwa kazini.