Kobe Mdogo Nyumbani: Mtunze, na Mlinde Mtoto Wako

Ni nani kati yetu ambaye mtoto wake hajawahi kurudi nyumbani na kiumbe mkononi? Leo kinda la ndege, kesho paka. Kwetu, mwana wetu wa darasa la nne alirudi kutoka kwenye shamba lililochomwa moto akiwa na kobe mchanga, wa manjano mwenye madoa meusi, anayeenea kiganjani. "Mama, atakufa," alisema. Tukamwonea huruma, tukampokea.

Baada ya wiki mbili kitinda mimba wetu, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alianza kuharisha na kupata homa. Tulimpa maji ya ORS na vidonge vya zinki, tukampeleka kituo cha afya, na Mungu akamponya. Lakini tuliporudi jikoni tulishtuka. Beseni la kumwogeshea kobe ndilo lililokuwa likitumika kuoshea mboga! Sisi tunaofundisha usafi kliniki kila siku tulikuwa tumejisahau nyumbani kwetu wenyewe. Hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwa kobe, lakini dhamiri ilitushtaki.

Usafi kwanza

Kobe anaweza kubeba tumboni vijidudu viitwavyo salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, hushika kwenye gamba na kubaki majini. Kwa sababu hiyo, mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa kuwa watoto waliwatia mdomoni na kuugua.

Basi mama, weka sheria hizi: kila amshikaye kobe anawe mikono kwa sabuni. Beseni lake liwe lake peke yake, na maji yake yamwagwe chooni, si jikoni. Asitembezwe mahali pa kupikia wala pa kulia. Watoto walio chini ya miaka 5 wamtazame tu, na hali kadhalika wazee dhaifu na mama mjamzito wasimshike. Mtoto akiharisha damu, akipata homa kali au akilegea, usingoje, mpeleke hospitali.

Chakula na jua

Watoto wetu walimlisha ugali, mkate na maziwa. Hilo ni kosa. Kobe wa nyika ni mla majani: mpe nyasi na majani mabichi ya porini ambayo hayakupuliziwa dawa. Mchicha uwe kidogo tu, maana ukizidi huzuia chokaa ya chakula isitumike vizuri mwilini. Matunda yawe kwa nadra. Nyama usimpe kabisa.

Mnajua mtoto asiyepata jua na chokaa ya kutosha hupata matege. Kobe mchanga naye ni hivyo hivyo: gamba lake hulainika na kupinda. Mweke nje apate jua la asubuhi, lisilopita kwenye kioo, na pawepo kivuli cha kukimbilia. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, mnyunyizie kidogo juu ya majani.

Maji yawe kwenye sahani bapa, yasimpite kidevu, asije akazama. Uzio wake uwe na wavu juu, kwa maana kunguru, mbwa na panya humla. Usiku mwingize ndani ya boksi kavu, na mwangalie siafu.

Tena, jamani, tusitoboe gamba lake ili kumfunga kamba! Gamba si kama ukucha. Chini yake kuna mfupa wenye damu na mishipa ya fahamu. Anaumia, ila hana sauti ya kulia.

Je, ni wetu?

Baba watoto ndiye aliyeuliza swali tulilolisahau: "Tuna kibali?" Hapa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2013. Tulikwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, tukaeleza yote, tukamkabidhi kobe. Mwana wetu alilia njia nzima. Tulimweleza kwamba kobe huishi miaka mingi, hamsini na zaidi, na kwamba huyu ana maisha marefu ya kuishi huko kwao.

Kitabu cha Mithali, sura ya 12 mstari wa 10, kinahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu wa haki. Tulidhani kumjali ni kumweka ndani. Kumbe wakati mwingine ni kumrudisha. Mwanao akikuletea kobe leo, msifu kwa huruma yake, mnawishe mikono, kisha mwende pamoja mkaulize.