Nyumba ya Marehemu Iliyofungwa na Bima Yake

Matanga yakiisha, watoto hurejea Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, na nyumba ya wazazi hufungwa kwa kufuli. Jirani huachiwa ufunguo, mirathi husubiri mahakamani, na nyumba hukaa tupu miezi mingi. Iwapo marehemu alikuwa ameikatia bima, familia hudhani kwamba ulinzi unaendelea hadi mwisho wa mwaka uliolipiwa. Dhana hiyo yaweza kuwapotezea warithi nyumba nzima.

Hati nyingi za bima ya moto huwa na sharti la ukaaji. Nyumba ikikaa bila mtu kupita muda uliotajwa, ambao mara nyingi ni siku 30, ulinzi husimama au hupungua, isipokuwa kampuni imekubali kwa maandishi kwamba uendelee. Sababu yake yaeleweka. Penye watu, hitilafu ya umeme hugunduliwa mapema na bomba lililopasuka hufungwa siku ileile. Katika nyumba tupu, maji hutiririka kwa majuma, na wezi hung'oa nyaya na hata mabati bila kuulizwa.

Ndugu waamini, familia ifanye nini basi? Kwanza, itafuteni hati ya bima na kusoma masharti yake yote. Pili, iarifuni kampuni kwa barua kwamba mwenye bima amefariki na nyumba haina mkaaji; bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, jina lake liwasilishwe pia. Tatu, ombeni ulinzi uendelee. Kampuni yaweza kuongeza ada, kuondoa wizi katika ulinzi, au kudai maji na umeme vikatwe na nyumba ikaguliwe kila juma. Ukaguzi huo uandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Ulizeni pia kama mlinzi alalaye uani anahesabiwa kuwa mkaaji, kwa maana si kila kampuni hukubali hivyo.

Kiasi cha bima nacho kitazamwe upya. Nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 100 ikikatiwa bima ya milioni 50, hasara ya milioni 20 yaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa kuwa fidia hufuata uwiano.

Wapo wanaoshawishika kunyamaza ili ada isipande. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Anayeficha jambo la msingi huipa kampuni sababu ya kukataa madai. Kusema kweli ni wajibu wa dhamiri kabla ya kuwa sharti la mkataba. Na kampuni ikikataa madai ya haki, familia ya Tanzania yaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ikiwa na barua zake mkononi.