Draiva za Kudumu na Draiva za Kuitwa

Abiria aliyeketi ndani ya matatu kituoni Fig Tree, Ngara, akingojea gari lijae huku wachuuzi wa chaja na waya wakimpitia dirishani, aghalabu hana habari kuwa ndani ya kisanduku kinachomgawia intaneti mna kompyuta kamili. Nairobi si mgeni wa vyombo hivi, maana mwaka 2013 kampuni ya BRCK, iliyochipuka katika shirika la teknolojia la Ushahidi hapa mjini, ilichangisha fedha kutoka kwa watu mtandaoni kupitia Kickstarter ili iunde kisanduku cha intaneti chenye betri yake, kisichozimika umeme ukatikapo; na miaka michache baadaye huduma yake ya intaneti iitwayo Moja ikapanda matatu. Ndugu zake ni zile kompyuta za bodi moja, kama Raspberry Pi iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ambazo wanafunzi na mafundi wa mji huu wamezizoea.

Vyombo vya jinsi hii kwa kawaida huendeshwa na Linux, mfumo aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, na moyo wa mfumo huo huitwa keneli. Keneli ndiyo igawayo kumbukumbu na kuamua programu ipi ifanye kazi na ipi ingoje. Walakini, pamoja na mamlaka yake yote, haiwezi kusema na kifaa chochote, kiwe redio ya waifai, kamera au kadi ya kumbukumbu, bighairi ya programu ndogo iitwayo draiva.

Draiva hiyo ina makao mawili. Yaweza kushonwa ndani ya keneli yenyewe siku keneli inapoundwa, ikawa kama jamaa wa nyumba asiyeondoka, alaye chakula kila siku awe na kazi au hana; au yaweza kuwekwa kando katika faili lake, liitwalo moduli, ikaitwa kama kibarua siku kazi inapotokea na kuruhusiwa kwenda zake kazi ikiisha. Katika miaka ya mwanzo Linux haikujua ila njia ya kwanza, na kufikia mwaka 1995 ya pili ilikuwa imekwisha kupatikana. Leo aundaye keneli hujibu kwa herufi moja tu kuhusu kila draiva: y ya kuishona ndani, m ya kuifanya moduli, n ya kuiacha kabisa.

Ugumu hasa uko kwenye kadi ya kumbukumbu. Bodi iwashwapo, keneli hupakiwa kwanza peke yake, kisha yenyewe hulazimika kuifungua kadi ili ifikie mafaili mengine yote, zikiwamo moduli. Sasa lau draiva ya kadi, au ile isomayo mpangilio wa mafaili uitwao ext4, imefanywa moduli na kuhifadhiwa katika kadi iyo hiyo, keneli haitaipata kamwe, nayo itaandika kiooni kwamba imeshindwa kufungua mzizi wa mafaili, na kusimama hapo hapo. Kompyuta kubwa huepa balaa hili kwa kupakia pamoja na keneli kifurushi cha muda, initramfs, chenye moduli za lazima; katika bodi ndogo ni rahisi zaidi kuzishona draiva hizo mbili ndani na kuyamaliza.

Waifai ina tabia ya kinyume. Redio nyingi za waifai hudai kwanza zipewe programu yao ya ndani, ambayo ni faili lililomo kadini, kwa hiyo draiva iliyoshonwa huweza kuamka na kuliomba faili hilo kabla kadi haijafunguliwa, ikaambulia patupu. Kadhalika modemu za yuesibii, ambazo baadhi yake hujitambulisha kwanza kama sidii na hazigeuki kuwa modemu mpaka ziamrishwe: nani ajuaye mteja atachomeka ya kampuni gani? Hapo moduli ndiyo njia ya busara, kwani kushona draiva za kila modemu ni kuijaza bure kumbukumbu ambayo, katika ruta za bei nafuu, yaweza kuwa megabaiti 32 tu.

Lakini moduli ina dai lake, nalo ni kali: lazima iwe imeundwa kwa ajili ya keneli ile ile inayoiita. Mtu akibadilisha keneli akaliacha folda la moduli za zamani, bodi itawaka vizuri, ila waifai itatoweka, na mwenye chombo atalaumu redio isiyo na hatia, hata anunue nyingine.

Kwa maoni yangu, chombo kitakachofungwa parafujo na kupelekwa Turkana au kufichwa chini ya kiti cha matatu, vifaa vyake vikijulikana vyote, kishonewe draiva zake, pamoja na ile programu ya ndani ya waifai, na mlango wa moduli ufungwe, ili mwizi wa mtandaoni asipate pa kupenyeza yake. Gharama yake ni kwamba draiva moja ikionekana na kasoro, keneli nzima itabadilishwa. Bodi ya mezani kwa fundi iachiwe moduli. Nawe fundi wa Ngara, kabla ya kumwambia mteja kuwa redio yake imekufa, andika uname -r upate jina la toleo la keneli inayofanya kazi, kisha utazame kama ndani ya /lib/modules mna folda lenye jina hilo hilo.