Je, Wajua? Umri wa Simu Hausomwi Kwenye Kioo

Je, wajua kwamba simu mbili zilizonunuliwa siku moja, katika duka moja la Bukoba mjini, zinaweza kuachana kwa miaka mingi katika kupokea masasisho? Kinachoamua ni ahadi ya mtengenezaji. Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 iliyotoka mwaka 2024, na miaka 6 kwa Galaxy A16 ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Galaxy A10 ya mwaka 2019 ilizaliwa na Android 9, ikapandishwa hadi 11, ikaishia hapo. Hata ukiitunza ndani ya kava ikabaki inang'aa, haitafika 12.

Je, wajua pa kutazama? Fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, usome Toleo la Android. Kisha tafuta tarehe ya sasisho la usalama, ambayo watu wengi huiruka. Toleo hukuambia simu ni ya kizazi gani. Tarehe hukuambia kama mtengenezaji bado anaikumbuka.

Je, wajua kwamba kishikwambi cha mwalimu wa mtoto wako huenda kilishapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu? Sensa ya 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kufanyika kidijitali. Ilitumia vishikwambi zaidi ya laki mbili, na ilipokwisha vikagawiwa walimu. Majuzi nilikaa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi Muleba, kishikwambi chake kimechubuka kona na kioo kina ufa mdogo juu kushoto. "Kinakataa programu mpya," akaniambia, "nadhani kimezeeka." Tukabonyeza Sasisho la mfumo. Kikazungusha kiduara, kikajibu kwamba mfumo umesasishwa. Mwalimu akashusha pumzi. Tulipofungua tarehe ya usalama, ilikuwa imepitwa na zaidi ya miaka miwili.

Hapo ndipo wengi hukosea. Jibu lile halisemi kwamba kifaa kiko sawa na vipya vinavyotoka leo. Linasema tu kwamba hakuna kingine kilichotumwa kwa ajili yake. Na programu ilikataa kuingia kwa sababu nyingine kabisa: video za makundi ya WhatsApp zilikuwa zimejaza hifadhi yote. Tulifuta za harusi mbili na mazishi matatu, baada ya mwalimu kuhamishia kwenye memori kadi zile alizozitaka, na programu ikaingia. Kabla hujasema kifaa kimezeeka, angalia nafasi iliyobaki.

Je, wajua kwamba kuanzia Android 10, ya mwaka 2019, kuna mlango wa pili? Unaitwa sasisho la mfumo wa Google Play, nao huleta baadhi ya marekebisho ya usalama moja kwa moja kutoka Google bila kumngoja mtengenezaji. Uko humo humo kwenye Mipangilio.

Je, wajua tofauti ya iPhone 6 na 6s? Ziweke mezani zikitazama juu, utaapa ni pacha. Zigeuze. Ile yenye herufi ndogo S mgongoni, chini ya neno iPhone, inafika iOS 15. Isiyo nayo imeishia iOS 12. Tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo herufi ile moja ndiyo inayotenganisha simu yenye WhatsApp na isiyo nayo. Kwa anayenunua simu ya mtumba, kugeuza simu kunachukua sekunde mbili. Igeuze, ndugu yangu.

Kwa upande wa Android, mwaka 2025 ulipoanza WhatsApp ilikuwa inataka toleo la 5.0 kwenda juu. Kivinjari cha Chrome ni kigumu zaidi: toleo la Agosti 2025 liliacha Android 8 na 9.

Je, wajua kwamba Apple iliruka kutoka iOS 18 hadi iOS 26? Hakuna 19 wala 20. Muuzaji akikuambia simu yake ya iOS 18 "imebakiza matoleo saba" kufika 26, hajui anachouza. iOS 26 inaanzia iPhone 11, na iPhone XR ya mwaka 2018 imebaki kwenye 18.

Je, wajua kwamba kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakupandishi toleo? Kunafuta vitu vyako tu. Tena kuna mtego: tangu Android 5.1, simu iliyofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake ya Google hukudai akaunti ile ile unapoiwasha. Msimu wa kahawa watu wana fedha mkononi, na simu za mtumba hubadilishana mikono haraka. Inaniuma sana kuona mkulima ametoa pesa ya magunia yake akaondoka na kitu kisichofunguka. Mwambie muuzaji aondoe akaunti mbele yako, kabla hujalipa.

Ukiwa hapo hapo, bonyeza *#06#, uchukue namba ya IMEI na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ni huduma ya kuhakiki simu iliyokuja na zoezi la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) la kuzima simu bandia Juni 2016. Simu bandia inaweza kuandika Android yoyote kwenye kioo chake.

Simu yenye RAM ya GB 1? Android 13 Go, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu ndogo, inaanzia GB 2.

Je, wajua kwamba *150*00# haijali toleo lolote? M-Pesa ya menyu hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, ndiyo maana kitochi cha mvuvi wa kisiwa cha Bumbire kinatuma pesa sawasawa na simu ya laki nane.

Na je, wajua kwamba simu kuukuu inaweza kusikia ardhi ikitikisika? Wana Kagera hatujasahau Jumamosi ya 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la 5.9 lilipoangusha nyumba na kuzifunga shule za Ihungo na Nyakato. Agosti 2020 Google ilianza kuzitumia simu za Android kama vipima-mtikiso. Kifaa kidogo kinachojua umeigeuza simu ndicho kinachohisi mawimbi ya kwanza, na simu hutuma taarifa pamoja na eneo ilipo. Simu nyingi za eneo moja zikihisi pamoja, mfumo unatambua ni tetemeko. Kazi hii hupitia huduma za Google Play, hivyo haihitaji mtengenezaji awe bado anatuma masasisho. Inatosha kuwa na Android 5.0, na simu iwe imetulia mezani ikichaji.